Mlango uliotolewa zizini

UKITEREMKA gatini Lamu, msomaji, wa kwanza kukukabili ni mchukuzi anayeutaka mzigo wako. Wa pili ni punda, ambaye hasemi neno bali hukusukuma ukutani ili apite. Vichochoro vya mji huo vilipimwa kwa mabega ya watu na shehena za punda, na magari kisiwani ni ya kuhesabu. Ukishawakwepa punda wawili watatu utajikuta umeegemea mlango wa mtu, nakshi zimekuchoma mgongoni. Geuka uutazame. Safari yako ya Lamu inaanzia hapo.

Mwandishi wa makala haya aliizoea milango hiyo hata akawa haioni tena. Mama yangu alizaliwa mtaa wa Mkomani, mimi nikalelewa Nairobi, na kila likizo ya Agosti tulipelekwa kwa Bibi kama vifurushi. Tulichorudi nacho vichwani kilikuwa halua, bahari na mkate wa mofa. Mlango wa Bibi ulikuwa kitu cha kutubana vidole.

Kisha zikaja mvua za mwisho wa mwaka 2023, zile zilizofurika pwani nzima. Ukuta wa mbele wa nyumba ya Bibi, ambao ni wa matumbawe na chokaa, ulikunywa maji ukalegea, na mwashi akashauri ubomolewe kabla haujawaangukia watu. Mlango ukang'olewa na fremu yake, ukaegeshwa nyuma ya nyumba, mle wanamolala mbuzi. Mahali pake pakawekwa mlango wa bati. Mwezi Julai mwaka uliofuata Mama akanipigia simu. Mjomba wangu, anayekaa na Bibi, alikuwa amepata mnunuzi.

"Nenda ukamwone Bibi yako," Mama akasema. "Haongei na mtu."

Kwa wale ambao hawajafika huko, njia ni kama hivi. Kutoka Nairobi unaweza kupanda garimoshi la SGR hadi Mombasa, kisha basi la kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe. Kutoka Mokowe ni mashua ya mota. Barabara ya Garsen hadi Lamu, ambayo zamani ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, sasa ina lami, lakini kabla hujakata tiketi ulizia hali ya usalama wa njia na saa ambazo mabasi yanaruhusiwa kupita. Mwenye uwezo hupanda ndege hadi Manda, kisha akavuka mlangobahari. Sisi tulikwenda kwa basi, mimi na wanangu wawili, wa miaka saba na kumi, na kila kituo waliniuliza kama mlango huo una thamani ya safari yote hiyo.

Swali lao nililijibu vibaya, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua. Tulipoingia zizini kesho yake niliona mbao zenye rangi ya kijani zilizopakwa kinyesi cha mbuzi. Nakshi hazikuonekana. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi kila Idi, mwaka baada ya mwaka, mpaka maua yakajaa kama vibakuli vya uji. Kizingiti cha chini kilikuwa kimeoza. Mwimo mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa kutoka chini, kiasi cha shibiri moja na nusu.

"Shikamoo, Bibi," nilimwambia jioni ile, nikakaa mkekani.

"Marahaba, mwanangu. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Basi." Akanyamaza, na hilo likawa ndilo neno lake lote juu ya jambo hilo kwa siku mbili.

Mjomba hakunyamaza, na kwa haki ya Mungu, msomaji, hoja yake haikuwa ya upuuzi. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi na karo ilitakiwa Septemba. Mnunuzi alikuwa mtu wa nje aliyetaka kuupeleka mlango ng'ambo, na bei aliyotaja ingelipa zaidi ya mwaka mmoja wa masomo. "Ubao umelala na mbuzi," Mjomba akasema. "Mtoto wangu naye alale nyumbani?"

Hapo yafaa nikueleze sheria, maana wengi wa mjini hawaijui. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataja wazi milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, na kuviita vitu vinavyolindwa. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Mjomba aliijua sheria hiyo vizuri kuliko mimi. Jibu lake lilikuwa tayari: Babu aliununua mlango huo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hivyo haumo. Bibi, aliyeingia nyumba ile akiwa bibi harusi na kuukuta mlango umesimama, hakusema ndiyo wala la.

Mwisho tulikubaliana jambo moja tu, kuusafisha. Mimi nilitaka kuusafisha kwa sababu niliona haya. Mjomba alitaka kuusafisha kwa sababu mlango safi hupata bei nzuri zaidi.

Fundi tuliyempata ana karakana ndogo upande wa Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka inayoukata mji kwa urefu. Ukipita huko utaisikia kazi kabla ya kuiona: tezo, nyundo na msumeno, na harufu ya mbao mbichi ikichanganyika na ya samaki. Vijana wake huchonga masanduku, viti vya enzi na fremu za vioo kwa ajili ya wageni. Mzee mwenyewe anapenda zaidi kutengeneza vilivyovunjika. Alipofika zizini hakuishika rangi wala nakshi. Aligeuza patasi, akawa anaupigapiga mlango kwa mpini, sikio limeinama. Palipo pazima palisema ko, ko. Palipoliwa palisema bu.

"Huu ni mbambakofi," akasema. "Mchwa amejaribu tu."

Mbambakofi, msomaji, ni mti mgumu wa misitu ya pwani ambao mafundi wa Lamu wameutumia kwa milango kwa vizazi vingi. Kwingineko pwani utakuta msaji, mvule na hata mfenesi. Ugumu wake ndio ulioufanya mlango wa Bibi uhimili mbuzi na mvua, na ugumu huo huo humfanya mchongaji atoe jasho.

Fundi akatupa somo la viungo vya mlango, na wanangu wakayashika majina upesi kuliko mimi. Miimo ni ile miti miwili inayosimama kulia na kushoto. Juu yake hulala kizingiti cha juu, chini kizingiti cha chini. Mbawa ni mbili, na katikati yao husimama mfaa, ule mti mwembamba wenye nakshi unaofunika mwanya. Mfaa umepigiliwa kwenye ubawa mmoja tu, ndiyo sababu ubawa mmoja lazima utangulie kufunguka na uwe wa mwisho kufungwa. Riza ni mnyororo wa kufungia kwa nje, komeo ni la ndani. Bawaba za chuma hakuna. Kila ubawa una kijiti kinene cha mbao kilichotokeza juu na chini, kikaingia katika matundu ya vizingiti na kuzunguka humo. Kwa hivyo mlango hauwezi kupachikwa ukuta ukiisha kwisha. Husimamishwa kwanza, kisha mwashi akaujenga ukuta kuuzunguka. Mwashi wetu alikuwa ameacha pengo akisubiri wakubwa waamue.

Kabla ya kuvunja kitu Fundi aliandika namba kwa chaki kwenye kila kipande, nyuma, na mwanangu mkubwa akachora mchoro daftarini. Usicheke. Mlango ukishatawanyika sakafuni unakuwa vipande kumi na kitu vinavyofanana, na aliyejiamini kichwani hujuta.

Kazi ya kuondoa rangi ilichukua siku tano. Nilidhani tutatumia moto, kama nilivyoona mafundi wa Nairobi wakifanya. Fundi akakataa: moto huunguza kingo za nakshi, na moshi wa rangi kuukuu ni sumu. Magadi makali ya kuchoma rangi nayo aliyakataa, maana hunywewa na mbao na kuibadilisha rangi. Tulitumia dawa ya kubandua, kidogo kidogo kwa brashi, tukaisubiri ilegeze, kisha tukaikwangua kwa vijiti vya mwanzi vilivyochongwa ncha na kwa miswaki mizee. Hili lishike hata kama kazi yako ni kiti cha nyanya yako huko Kakamega au Nyeri: rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Usizikwangue kavu wala kuzipiga msasa vumbi likaruka. Zilowanishe, ziba pua na mdomo, kusanya mabaki yote uyatupe mbali, na watoto na akina mama waja wazito wakae kando. Wanangu waliruhusiwa karibu baada ya mbao kuoshwa tu.

Ni siku ya pili nilipofanya kosa langu. Fundi alikwenda kuswali adhuhuri. Palikuwa na ua moja kwenye mfaa lenye mabaki ya rangi ya krimu yasiyotoka, nami nikachukua kipande cha msasa mkavu, tena ule wa kukwaruza sana, yale yale niliyotoka kukuonya. Dakika tatu hazikufika. Rangi ilitoka kweli, na petali mbili zikatoka nazo. Kilichobaki kilikuwa laini kama goti la mtoto.

Fundi aliporudi alilipapasa kwa kidole gumba. "Umelinyoa ndevu, binti," akasema, na hakuongeza. Nilimwomba alichonge upya. Akasema akilichonga upya litakuwa ua lake, si la aliyelichonga, na mbao imekwisha kupungua, haiongezeki. Likabaki hivyo. Baadaye alinieleza kuwa msasa wenyewe asili yake ni mti ambao majani yake hukwaruza, na wazee walisugulia majani hayo kwa saa nyingi ili kupata ulaini ambao sisi tunautaka kwa dakika moja.

Nakshi zilipoanza kutoka gizani watu wakaanza kupita zizini kwa visingizio. Mnyororo ulizunguka fremu nzima, na ndani yake mlikuwa na majani yanayojikunja na maua ya duara. Waongozaji wa watalii watakueleza kwamba kila nakshi ina siri yake, mnyororo wa kuzuia mabaya, ua la kuleta uzao. Nilimwuliza Fundi. Alisema yeye alifunzwa kuchonga mnyororo kwa sababu mwalimu wake alichonga mnyororo. Mimi hapo namwamini Fundi. Sifa ya mafundi wa Lamu haihitaji hadithi za kuongezea. Mji huu ulikuwa na watu kama Muhamadi Kijuma, aliyeandika tenzi kwa hati nzuri kwa mkono ule ule uliochonga milango.

Siku ya tatu tulifika kizingiti cha juu, na katikati yake, chini ya rangi ya bluu, tukaona maandishi. Fundi aliyasafisha mwenyewe, hakumwachia mtu. Kwanza ikatoka Bismillahi. Kisha, pembeni, tarakimu nne za Kiarabu. Mwanangu mdogo, anayekwenda madrasa Eastleigh, akazisoma kwa sauti kutoka kushoto, akaambiwa azisome tena, akazisoma kutoka kulia, na zikawa zile zile: 1331.

Mwaka wa Hijiria 1331 ni mwaka 1913 wa Miladi, ukiondoa majuma machache ya mwanzo yaliyoangukia Desemba ya 1912. Hakuna aliyehitaji kupiga hesabu zaidi. Mjomba alikuwepo. Aliitazama ile namba muda mrefu, akafuta mikono kwenye kikoi, akaondoka. Kama Babu aliununua baada ya vita, basi aliununua mkuukuu.

Usiku ule Bibi alisema. Alisema babu yake Babu ndiye aliyeuagiza, na kwamba yeye alilijua hilo miaka yote.

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Angesema mwamtetea ubao kwa maneno ya kizee. Sasa mlango umesema wenyewe. Mui wote umesikia."

Tulikwenda ofisi ya makumbusho, akaja afisa, akapima, akapiga picha na kuandika. Mjomba alimpigia simu mnunuzi na kumweleza habari za kibali. Mnunuzi akasema atampigia. Hajapiga hadi leo.

Kilichobaki ni kuuponya. Fundi alikata sehemu iliyooza ya mwimo mpaka akafikia mbao nzima, akaukata mshazari ili kiungo kiwe kirefu na kishikane vizuri. Kipande cha kuunga hakukinunua dukani. Alikitoa kwenye akiba yake ya mbao kuukuu, mbambakofi pia, maana mbao mbichi ikiungwa na kavu itasinyaa na kujing'oa. Alihakikisha nyuzi za mbao zinaelekea upande mmoja, akatia gundi, kisha akapigilia vijiti vya mti mgumu katika matundu yaliyotobolewa kwa keekee. Misumari hapana. Hewa ya chumvi huitia kutu, nayo kutu huvimba na kuipasua mbao. Kipande kipya alikichonga kwa umbo lakini hakukitia nakshi. Mjomba, ambaye sasa alikuwa akipita na kujifanya anatafuta mbuzi, aliuliza kwa nini. Fundi akasema anayekuja baadaye ana haki ya kujua ni wapi mlango uliumwa.

Matundu ya bungua tuliyatia dawa kwa bomba la sindano, tundu moja moja, kazi ya kuchosha macho. Utamjua bungua aliye hai kwa unga mpya unaodondoka chini. Tukaacha siku mbili, tukaangalia kama kuna unga. Haukuwepo. Kisha yakaja mafuta ya kitani, mara tatu, kila mara kidogo na kufutwa kwa kitambaa hadi kukauke. Vanishi Fundi haitaki mbele ya jua, kwa kuwa hupasuka na kubanduka kama ngozi ya nyoka. Vitambaa vile vya mafuta, msomaji, usivirundike pembeni ukaenda kulala. Vinaweza kujipasha joto na kuwaka vyenyewe. Vianike kimoja kimoja nje, au vitie majini.

Na kwa wewe unayefikiria kununua sanduku au kioo cha Lamu ukipeleke Nairobi: mbao iliyozoea unyevu wa bahari itashtuka. Usiiweke karibu na mahali pa moto wala dirisha la jua la mchana. Iache ikae miezi kadhaa chumba chenye kivuli kabla hujaanza kuitengeneza. Nimeona masanduku mazuri ya watu wa Nairobi yaliyopasuka kifuniko kwa haraka hiyo.

Habari ya karo haikuisha vizuri kama ya mlango. Tulichangishana kwa simu, shangazi, binamu na wajomba walioko Mombasa na Muscat, na tukapata ya muhula mmoja. Binti akaenda. Ya muhula wa pili Mjomba aliitafuta mwenyewe kwa deni. Siku moja tukiwa tumekaa barazani aliniambia, bila hasira, "Ubao mmeupatia daktari, mwanangu." Sikuwa na jibu. Sina bado.

Lakini siku ya kuusimamisha alikuwa wa kwanza kufika. Wanaume sita waliinua fremu, mwashi akaibana kwa mawe na chokaa, mbawa zikaingizwa matunduni. Fundi alikuwa amepaka nta kwenye vile vijiti vya kuzungukia, na mlango ukafunguka kimya, kama pazia. Watu wakapiga vigelegele. Bibi, aliyekalishwa kitini dakani ili ashuhudie, akakunja uso.

"Haulii," akasema.

Tukamweleza kwamba ni nta, kwamba hivyo ndivyo vizuri.

"Ulikuwa ukilia. Nikilala ndani hujua ni nani aingiaye na ni nani atokaye. Kila mtu alikuwa na mlio wake."

Fundi alitazama angani. Mjomba hakusema kitu. Alichukua kitambaa, akanyanyua ubawa kwa bega akisaidiwa na vijana wawili, na akaifuta ile nta yote, juu na chini.

Tuliondoka kesho yake alfajiri ili tuwahi mashua ya Mokowe. Nilifungua taratibu, viatu mkononi, wanangu nyuma yangu. Mlango ukalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na kutoka ndani, gizani, tukamsikia Bibi akiuliza ni nani huyo atokaye bila kuaga.